Wastani Hauchezi

Jumamosi moja usiku nilimwandikia mtu nisiyemjua maneno matatu: "Futa programu hii." Tulikuwa tumecheza upande mmoja kwa sekunde 51. Mimi nilikuwa na alama 1930, yeye 870. Tulikuwa tumefungwa, na sikuwa na shaka kwamba ni kwa sababu yake. Akajibu, "Samahani, nimeanza wiki hii," kisha akatoka.

Sikuwa nimemwomba awe mwenzangu. Naye hakuwa ameniomba. Kuna aliyetukalisha pamoja, akatupima, akatangaza kwamba timu yetu na timu ya pili zinalingana, kisha akakaa pembeni akihesabu nani kapoteza alama ngapi. Makala haya yanamhusu huyo. Maneno yale machafu yalikuwa yangu na nitayarudia kabla sijamaliza. Lakini nimechoka kuona wachezaji tukitukanana kila usiku huku aliyetugombanisha hatajwi kabisa.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: ni sataranji, au chesi kama wengi wetu tunavyoiita, yenye mfalme na malkia na askari wanane mbele, ila inachezwa na watu wanne kwenye mbao mbili. Wawili ni timu. Mmoja anashika kete nyeupe kwenye ubao wa kwanza, mwenzake anashika nyeusi kwenye ubao wa pili. Kete ninayoila kwangu haitupwi. Nampa mwenzangu, naye zamu yake ikifika anaweza kuipachika karibu mraba wowote ulio wazi badala ya kusogeza kete aliyonayo. Saa inakimbia, dakika tatu kwa kila mchezaji. Mfalme wa ubao mmoja akinaswa, mchezo wote umekwisha, hata kama kwenye ubao wa pili ulikuwa unashinda.

Ndiyo maana mchezo huu ni mtamu, na ndiyo maana unauma. Mwenzako akipoteza malkia, hajapoteza kwake tu. Yule aliyemla anamrushia malkia huyo mwenzake, ambaye ndiye anayepambana na wewe, na sekunde mbili baadaye malkia mzima anatua mlangoni kwa mfalme wako. Katika mpira, beki dhaifu anaruhusu mabao. Hapa beki dhaifu anaruhusu mabao na pia anawagawia wapinzani wako bunduki.

Sasa tuangalie namna tulivyopangwa usiku ule. Timu yetu: 1930 na 870. Jumlisha, gawa kwa mbili, unapata 1400. Wapinzani wetu: 1390 na 1410. Jumlisha, gawa kwa mbili, unapata 1400. Programu ikaridhika. Kwa hesabu ya darasa la tano, tulikuwa sawasawa kabisa.

Lakini hizo alama si maembe ya kujumlisha na kugawana. Zina historia na zina maana yake maalumu. Mfumo huu ulitengenezwa na Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa profesa wa fizikia huko Milwaukee, Marekani. Shirikisho la sataranji la Marekani liliukubali mwaka 1960, na FIDE, shirikisho la dunia, likaufuata mwaka 1970. Elo hakudai kupima akili ya mtu. Alitaka kujibu swali moja dogo: hawa wawili wakikutana ana kwa ana, kila mmoja atarajiwe kupata nini? Ukimzidi mpinzani wako kwa alama 200, unatarajiwa kuvuna takriban pointi 76 katika kila michezo 100. Ukimzidi kwa 400, unatarajiwa kuvuna takriban 91. Hiyo tu ndiyo kazi ya namba hiyo. Inazungumzia tofauti kati ya watu wawili waliokaa pande mbili za ubao mmoja. Kuhusu watu wawili waliokaa upande mmoja, haina neno.

Basi tuitumie kwa kazi yake. Kwenye ubao wangu nilimzidi mpinzani kwa alama 540. Kwa kanuni ya Elo, hapo mimi natarajiwa kupata pointi kama 96 katika 100. Kwenye ubao wa mwenzangu, yeye alizidiwa kwa 540 zile zile, kwa hiyo alitarajiwa kupata 4. Huo ndio usawa tuliotangaziwa. Mbao mbili, na kila ubao una mtu anayechinja na mtu anayechinjwa. Programu ilitazama machinjio mawili yanayoelekeana, ikajumlisha, ikagawa, ikaandika: mechi nzuri.

Ubaya zaidi ni kwamba mchezo huu ni mbio. Hauhesabu nani ameshinda kwa wingi zaidi, unahesabu nani amemaliza kwanza. Mimi mwenye 1930 nahitaji muda wa kumnasa mtu wa 1390, maana huyo si mtoto, anajua kujikinga. Yule wa 1410 hahitaji muda wowote kumnasa mtu aliyeanza wiki hii. Kwa hiyo hata ile nusu kwa nusu iliyoandikwa kwenye karatasi ni ya uongo. Mnyororo hukatikia kwenye pete iliyo dhaifu, na wastani wa pete zote haujawahi kuvuta gari lililokwama.

Najua kuna watakaosema nawalaumu wahandisi kwa jambo gumu ambalo hakuna anayelijua. Si kweli. Wenye namba hizi wamekuwa wakituonya tangu zamani. Elo mwenyewe alilinganisha kazi ya kumpa mchezaji alama na kupima kizibo kinachoelea juu ya maji yenye mawimbi, huku kijiti cha kupimia kimefungwa kwenye kamba na upepo unakipeperusha. Mwaka 1995 Mark Glickman, mtaalamu wa takwimu, alitoa mfumo wake wa Glicko, ambao unampa kila mchezaji namba ya pili inayosema kiasi cha shaka tuliyonayo juu ya namba ya kwanza. Aliyecheza michezo elfu ana shaka ndogo. Aliyeanza wiki hii ana shaka kubwa kama bahari. Programu nyingi za sataranji za mtandaoni zimejengwa juu ya mfumo huo au ndugu yake. Kwa hiyo usiku ule mashine iliyotupanga huenda ilikuwa nayo hiyo namba ya pili, na ilijua kwamba 870 ya mwenzangu ni kubahatisha. Ilimkalisha vilevile.

Na kuhusu timu, watafiti wa Microsoft walichapisha mfumo wa TrueSkill mwaka 2006, uliotengenezwa kwa ajili ya michezo ya Xbox, ambako watu hucheza kwa makundi. Sisemi kwamba huo ndio dawa. Nao unajumlisha uwezo wa wanatimu kana kwamba uwezo ni mchanga wa kujaza ndoo, na nimeshaeleza kwa nini katika mchezo wetu ndoo hiyo inavuja. Lakini unagawa lawama na sifa kwa kuangalia shaka: matokeo yakija, anayejulikana vizuri anasogezwa kidogo, asiyejulikana anasogezwa sana. Angalau unakiri kwamba timu ni swali tofauti na mtu mmoja. Tangu mwaka huo hakuna anayeweza kusimama na kusema kwamba swali hilo halijawahi kuulizwa.

Kama bado unaamini kuwa alama hizi ni kitu kitakatifu, kumbuka kilichotokea Machi 2024. FIDE waliona kwamba alama za watu wa chini zimeporomoka kuliko uwezo wao, wakazipandisha kwa mpigo mmoja kwa kila aliyekuwa chini ya 2000. Mtu aliyelala na 1600 aliamka na 1760 bila kugusa hata askari mmoja. Siwalaumu. Walifanya jambo la busara, na walifanya hadharani. Ila tukubaliane: namba inayoweza kupanda 160 usiku mmoja kwa uamuzi wa kikao ni chombo cha kazi kinachorekebishwa kikipinda, na wala si tabia ya mtu. Sisi wachezaji ndio tumeigeuza kuwa jina. "Wewe 870" ni tusi siku hizi.

Utetezi wa kwanza ninaousikia ni huu: vumilia, mambo yatajisawazisha. Leo umepewa mwenza dhaifu, kesho atapewa mpinzani wako, ukicheza michezo mia mzigo utakuwa umezunguka kwa wote. Kwa upande wangu hiyo ni kweli. Kwangu mzigo unakuja na kuondoka. Lakini mgeukie yule mwenye 870 umweleze hesabu hiyo. Yeye hapokezani mzigo na mtu. Yeye ndiye mzigo wenyewe, leo, kesho, na mara zote mia. Kila mechi anaketi na mtu asiyemtaka, kila mechi anaandikiwa nilichomwandikia mimi au kibaya zaidi. Takwimu zikitulia, zitakuwa zimetulia juu ya mgongo wake.

Utetezi wa pili una uzito zaidi: wachezaji ni wachache. Sataranji ya wanne haina umati kama ile ya wawili, na ukimsubiri mtu wa kiwango chako sawasawa utasubiri hadi adhana ya alfajiri. Nakubali. Nimewahi kukaa nikitazama kile kiduara kinachozunguka hadi chai ikapoa. Lakini uchache wa watu ni sababu ya kutuambia ukweli, hauwi sababu ya kutudanganya. Niandikie: "Tuliyempata ana alama 1060 chini yako. Subiri, au cheza bila kuhesabiwa alama." Nitachagua mwenyewe, na yeye atachagua. Mtu aliyekubali kucheza na anayejifunza hucheza kama mwalimu. Mtu aliyebambikwa mwanafunzi huku alama zake zikiwekwa rehani hucheza kama mdai.

Wa tatu ni utetezi wa wababe: sataranji haina huruma, dhaifu hujifunza kwa kupigwa. Huu nauheshimu kidogo, kwa sababu mimi pia nimejifunza kwa kupigwa. Katika mashindano ya mfumo wa Uswisi, raundi ya kwanza kwa kawaida nusu ya juu ya orodha hukutanishwa na nusu ya chini, na chipukizi anajikuta mbele ya gwiji. Lakini tazama tofauti. Pale hakuna anayemwambia chipukizi kwamba mechi ni sawa. Anajua anakwenda kupigwa, anajipanga, na akipigwa ni kipigo chake peke yake. Wengine hata humkaa gwiji baada ya mchezo na kumuuliza ilikuwaje. Hakuna mtu wa tatu aliyefungwa naye kamba moja, anayemlaani kwa kila hatua. Kupigwa na mpinzani kunafundisha. Kutukanwa na mwenzako kunafundisha jambo moja tu, kwamba hapa si pako.

Na jambo hili tulilijua tungali watoto. Kwenye chandimu, mpira wa makaratasi na nyuzi, hakuna aliyekuwa na alama wala kompyuta. Tulichukua wawili waliokaribiana uwezo, wakawa manahodha, wakachagua kwa zamu, mmoja huku, mmoja kule. Hivyo kila fundi wa huku alikuwa na fundi mwenzake kule, na kila kibonde alikuwa na kibonde wa kupambana naye. Watu wakiwa witiri, upande ulioonekana legelege ndio ulioongezwa mtu. Na ikifika tano bila, hakuna aliyesema tuendelee hadi takwimu zitulie. Tulisimamisha mpira, tukachanganya, tukagawana upya. Watoto wasio na viatu walielewa kwamba mechi isiyo sawa haiwapi raha hata wanaoshinda.

Barazani wanakocheza dhumna wawili kwa wawili, matusi yapo pia, tena makali. Mzee anaweza kukuuliza mbele ya watu kama ulisoma kuhesabu. Lakini yule anayekusimanga anakujua jina, anamjua mama yako, na msiba ukitokea kwenu atakuja kukaa mkekani. Ulimi wake una breki. Mtandaoni hakuna breki hiyo. Mwenzangu wa Jumamosi ni jina la bandia na bendera ndogo. Ndiyo maana anayetupanga mtandaoni ana wajibu mkubwa kuliko wa baraza, na wala si mdogo. Amechukua nafasi ya jirani, ya nahodha, ya mzee wa kamati, na amebaki na kikokotoo peke yake.

Ninachodai si muujiza. Kwanza, pangeni kwa kuangalia pengo, acheni wastani. Wenza wasipishane zaidi ya alama 200 pasipo ridhaa ya wote wawili. Pili, pengo likishindikana kuepukika, ligawanywe kama kwenye chandimu: 1930 na 870 wakutane na watu kama 1900 na 900, tena mwenye nguvu akae mbele ya mwenye nguvu, anayejifunza mbele ya anayejifunza. Hiyo ni timu yenye pengo, lakini ni mechi ya haki, kwa sababu kila ubao una mashindano ya kweli. Tatu, mgeni asihesabiwe alama, na mwenza wake asihesabiwe, mpaka shaka juu yake ipungue. Nne, kabla ya saa kuanza, tuonyesheni matarajio ya kila ubao, pamoja na ya timu. Mkiona aibu kuonyesha 96 na 4, basi msituketishe.

Sasa nirudi kwenye deni langu.

Siku mbili baadaye niliufungua mchezo ule kwenye kumbukumbu. Nilitaka picha ya kuweka kwenye makala haya, ushahidi wa namna mtu wa 870 anavyoweza kumtoa malkia bure. Nikaenda hatua kwa hatua, mbao zote mbili, pamoja na ujumbe tulioandikiana. Na huo ujumbe ndio nilikuwa nimeusahau. Nilikuwa nimeona upenyo kwa mpinzani wangu. Nikipata farasi mmoja, nikimpachika mahali pake, nimemnasa. Kwa hiyo nilianza kumwandikia mwenzangu: farasi. Farasi! Nipe farasi sasa. Mara tano ndani ya sekunde kumi na mbili.

Akanipa. Farasi pekee aliyeweza kumfikia alikuwa amelindwa, na kitu pekee alichoweza kumlia ni malkia. Akamla kwa malkia. Malkia akaliwa, akarushwa ng'ambo, akatua kando ya mfalme wangu kabla sijampachika farasi wangu. Mtu wa 1900 angenipuuza, au angeniandikia: subiri, ni ghali. Yeye hakuwa na uzoefu wa kujua bei. Alikuwa na mwenza mwenye namba kubwa mara mbili ya yake, anayepiga kelele, akaamini kwamba mwenye namba kubwa anajua. Alifanya nilichomwagiza. Nami nikamwambia afute programu.

Hilo haliifuti hoja yangu, linaizidishia uzito. Namba kubwa ilikuwa imenipa mamlaka ambayo sikustahili, na namba ndogo ilikuwa imemnyima haki ya kunikatalia. Programu ilituweka wawili mahali ambapo amri ilikuwa lazima itolewe vibaya na itiiwe vibaya, na ikaita mahali hapo usawa. Lakini vidole vilivyoandika ni vyangu. Mashine haikuniandikia.

Nilimtumia ujumbe. Nikamwambia malkia alikuwa kosa langu, na kwamba kama bado anataka kujifunza nipo, bila alama, jioni yoyote. Ukurasa wake unaonyesha tarehe aliyoingia mara ya mwisho. Ni Jumamosi ile.